Kila tiba huidanganya picha kwa namna yake

Mwaka 1976 Charles Moertel na mwenzake James Hanley walitandika godoro laini, wakapanga juu yake mipira 12 migumu ya ukubwa mbalimbali, wakaifunika kwa sponji. Kisha wakawaita madaktari 16 wa saratani, wazoefu wote, waipapase na kuipima kama wanavyopapasa uvimbe uliojificha tumboni mwa mgonjwa. Mipira haikukua wala haikusinyaa. Vipimo ndivyo vilivyokua na kusinyaa. Daktari huyu na yule hawakukubaliana, na hata daktari mmoja, akipewa mipira miwili inayolingana bila kuambiwa, aliweza kuuona mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Mipira hiyo ingekuwa wagonjwa, baadhi yao wangeandikiwa kwamba tiba imewasaidia, na tiba yenyewe haijatolewa.

Ili watu wasishangilie makosa ya vidole, wawili hao walipendekeza uvimbe uhesabiwe umeitikia tiba pale tu ambapo urefu wake ukizidishwa kwa upana wake, jibu limeshuka kwa nusu. Nusu hiyo ikaingia katika vigezo vya Shirika la Afya Duniani mwaka 1979. Mwaka 2000 vigezo vipya vilivyoitwa RECIST vikaamua kupima kipenyo kimoja badala ya viwili, na nusu ikageuka kuwa asilimia 30, maana 0.7 ukiizidisha kwa 0.7 unapata 0.49. Toleo la 2009 likaiacha ilivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa leo, aliyelala ndani ya sumaku yenye nguvu mara 30,000 hivi kuliko ile ya dunia, bado anahukumiwa kwa mstari uliochorwa mara ya kwanza juu ya sponji.

Siku hizi habari za MRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inayotabiri kama tiba ya saratani itafanya kazi hutoka mara kwa mara, na karibu zote zina umbo moja: kuna picha, kuna kompyuta, kuna asilimia ya kuvutia. Nazisoma kwa hamu. Lakini hubaki na maswali mawili ambayo mara nyingi hayajibiwi. Picha hiyo ilisomwa mgonjwa akiwa kwenye tiba gani? Na daktari alibadilisha nini baada ya kuisoma? Mwenye majibu hayo mawili anaweza kunishawishi hata kwa asilimia ya kawaida. Asiye nayo, asilimia yake haimfikishi mgonjwa popote.

Ahadi yenyewe ni ya kweli, tusiidharau. Ukubwa ni kipimo kinachochelewa. Dawa inaweza kuua seli leo, mabaki yakakaa wiki kadhaa kabla mwili haujayaondoa, na muda wote huo rula inasoma urefu uleule. Wakati huohuo mgonjwa anaendelea kudungwa dawa ambayo, kama haifanyi kazi, inamwachia madhara matupu: anthrasaiklini zinazoweza kuudhoofisha moyo, taksani zinazoacha ganzi vidoleni. Wiki sita za sumu bila faida si jambo dogo. Anayeweza kusema mapema kwamba dawa haishiki amemwokoa mgonjwa mara mbili, kwa kumtoa kwenye dawa mbovu na kwa kumpeleka kwenye nyingine kabla nguvu hazijamwishia.

MRI ina njia ya kuwahi. Inachosoma ni protoni za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili, na maji ndiyo yenye habari. Katikati ya miaka ya 1980 Mfaransa Denis Le Bihan alionyesha kwamba mashine hiyo inaweza kupima jinsi molekuli za maji zinavyotangatanga ndani ya tishu. Saratani nyingi ni msongamano: seli zimebanana, na molekuli ya maji haiendi mbali kabla ya kugonga utando wa seli. Dawa ikiua seli, tando zinapasuka, nafasi inafunguka, maji yanatembea. Kipimo cha kutembea huko huitwa ADC, na katika wanyama wa maabara kimeonekana kupanda kabla uvimbe haujapungua hata milimita.

Njia ya pili ni mishipa ya damu. Uvimbe hujijengea mishipa kwa pupa, na kazi ya pupa huvuja. Mgonjwa akidungwa dawa yenye gadolini, madini yanayofanya tishu ing'ae kwenye picha, na kupigwa picha mfululizo, inaonekana jinsi dawa inavyoingia uvimbeni kwa kasi na kutoka. Kuna na ya tatu, ambayo naigusa tu kwa sababu bado iko mikononi mwa vituo vichache: kumdunga mgonjwa asidi ya piruvate yenye kaboni iliyoongezewa nguvu ya ishara, na kuangalia seli zikiigeuza kuwa lakteti. Ilijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza kwa wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume, matokeo yakatoka 2013. Ishara yake hufifia ndani ya dakika chache, hivyo dawa lazima itengenezwe palepale mgonjwa akisubiri.

Turudi kwenye mishipa. Nola Hylton wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake waliigeuza habari ya uvujaji kuwa namba moja, yaani ujazo wa tishu inayonyonya gadolini kupita kiwango fulani. Katika matokeo ya jaribio la saratani ya titi la I-SPY 1 yaliyochapishwa 2012, ujazo huo ulitabiri vizuri kuliko mkono wa daktari ni mwanamke yupi titi lake litakutwa halina saratani siku ya upasuaji. Jaribio lililofuata, I-SPY 2, lililoanza 2010, likauingiza katika hesabu zinazoamua wagonjwa wapya wapangiwe dawa ipi. Hapo picha imepewa kazi. Kuna mtu anaisoma, na kuna jambo linabadilika kwa sababu ameisoma.

Ila ndani ya I-SPY 2 hiyohiyo ADC nayo ilipewa mtihani, katika hospitali kadhaa kwa pamoja, na matokeo yakatoka 2018. Chukua wanawake wawili, mmoja ambaye saratani yake itaisha kabisa na mwingine ambaye haitaisha, kisha iulize ADC imtaje wa kwanza. Baada ya wiki 12 za tiba iliweza mara 60 hivi katika 100. Sarafu ikirushwa juu ingeweza mara 50. Baada ya wiki 3, pale ambapo kutabiri kungekuwa na faida kubwa zaidi, haikuizidi sarafu kwa kiasi cha kutegemewa.

Fizikia ni ileile iliyofanya kazi kwa panya. Lakini panya wa maabara wanafanana, uvimbe wao umepandikizwa kutoka chanzo kimoja, na mashine ni moja. Saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Kuna zinazolishwa na homoni, kuna zenye protini ya HER2 kwa wingi, kuna zisizo na kimojawapo, na kila kundi hufa kwa namna yake. Nyingine husinyaa kutoka pande zote kuelekea katikati, na rula huziweza. Nyingine humeguka vipande, zikabaki punje zilizotawanyika katika eneo lilelile la zamani. Mwenye kupima kipenyo atasema haujapungua ingawa sehemu kubwa ya seli imekufa, na mwenye kutazama mng'ao atasema umekwisha kwa sababu punje ni ndogo mno kung'aa. Wote wawili wanatazama titi moja.

Somo lenyewe, hata hivyo, lilitoka ubongoni, na kwa gharama kubwa. Gadolini haivuki kuingia kwenye ubongo wenye afya, kwa sababu mishipa ya huko ina kizuizi kikali. Inapovuja na kung'aa, kizuizi kimebomoka, na katika glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mbomoaji ni uvimbe. Vigezo vya Macdonald vya 1990 vililichukua eneo linalong'aa na kulihesabu kama uvimbe wenyewe. Ikaja bevacizumab, dawa inayoizuia VEGF, protini inayochochea mishipa mipya na kuifanya ivuje. Mng'ao ukapotea, kwa wengine ndani ya siku chache. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipa kibali cha haraka kwa glioblastoma iliyorudi, ikiegemea idadi ya wagonjwa ambao picha zao zilionyesha mwitikio. Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wapya yakaleta jibu: kwenye picha ugonjwa ulichelewa kuendelea, lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi. Dawa ilikuwa imeufunga mlango uliovunjwa, na mwizi bado yumo ndani.

Temozolomide, dawa ya tibakemikali, ikatufanyia kinyume. Mwaka 2005 jaribio lililoongozwa na Roger Stupp lilionyesha kwamba kuiunganisha na mionzi kunarefusha maisha, na tiba hiyo ikawa ya kawaida. Kisha picha za miezi ya mwanzo zikaanza kuwatisha madaktari, kwani mng'ao uliongezeka na pembeni kukavimba, kila dalili ya uvimbe unaokua. Kwa baadhi ya wagonjwa ilikuwa kweli. Kwa wengine, kinyama, yaani kipande cha tishu kilichokatwa, kilipopimwa kilikutwa ni tishu iliyokufa na majeraha ya mionzi. Mwaka 2008 timu ya Alba Brandes ikaonyesha kwamba kutisha huko kwa uongo kulionekana zaidi kwa wagonjwa wenye jeni ya MGMT iliyonyamazishwa, wale ambao dawa inawashika vizuri. Picha mbaya ilikuwa habari njema! Vigezo vya RANO vya 2010, vya uvimbe wa ubongo, vikalazimika kuweka sharti: ndani ya wiki 12 baada ya mionzi, usitangaze kwamba ugonjwa umeendelea, isipokuwa mng'ao mpya uko nje ya eneo lililopigwa mionzi au kinyama kimethibitisha.

Mashine ni moja, gadolini ni ileile, na bado mng'ao unaopungua ulimaanisha kitu kimoja kwa bevacizumab na unaoongezeka ukamaanisha kinyume cha ulivyotarajiwa kwa temozolomide. Tiba ya kinga imeongeza udanganyifu wake: seli za kinga hujazana ndani ya uvimbe na kuukuza kabla ya kuumaliza, hivyo mwongozo wa iRECIST wa 2017 unataka uvimbe uliokua upigwe picha tena wiki 4 hadi 8 baadaye kabla ya kuukatia hukumu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kila msimu una mawingu yake. Ndiyo maana siamini katika mtabiri wa jumla, programu moja inayopewa MRI yoyote ya saratani yoyote na kutoa jibu. Kabla ya kuusoma mng'ao lazima ujue dawa inafanya nini kwenye mishipa, kwenye maji na kwenye seli za kinga. Daktari wa radiolojia anayepelekewa picha bila kuambiwa mgonjwa anatumia nini, na siku ya ngapi, ameombwa kukisia.

Swali la pili, la uamuzi, lina utata wake pia. "Tiba haishiki" na "saratani imekwisha" huandikwa kama vile ni sura mbili za utabiri mmoja. Kwa mgonjwa bei zake ziko mbali kabisa. Ukikosea la kwanza, umemhamisha kutoka dawa ambayo huenda ingefaa. Ukikosea la pili, umemwachia saratani mwilini na kumwambia aende nyumbani. Na hata hilo la pili bei yake hutegemea ni kiungo gani.

Chukua saratani ya puru. Daktari mpasuaji Angelita Habr-Gama wa São Paulo alichapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa ambao, baada ya mionzi na tibakemikali, uvimbe wao haukuonekana tena, naye akawafuatilia bila kuwapasua. Wenzake wengi walimwona mzembe. Lakini upasuaji huo humwachia mtu matatizo ya haja na ya ndoa, na wengine hubaki na mfuko tumboni maisha yao yote, kwa hiyo kuukwepa ni zawadi kubwa. Takwimu za kimataifa zilizotolewa 2018, za wagonjwa 880 waliosubiri namna hiyo, zilionyesha kwamba kwa takribani robo saratani ilirudi palepale ndani ya miaka 2. Robo ni kubwa, ila karibu yote ilirudi kwenye ukuta wa utumbo, mahali ambapo kidole, kamera na MRI hufika, na wengi waliweza kupasuliwa wakati huo. MRI ya puru yenyewe hukosea. Kovu huonekana jeusi, na seli hai hujificha ndani yake, ndiyo maana picha za mtembeo wa maji husomwa pamoja na kamera. Utabiri wenye kosa la robo unavumilika hapo kwa sababu kosa lina mlango wa kurudia.

Mwaka 2022 Memorial Sloan Kettering ya New York ilitoa habari ya wagonjwa 12 wa saratani hiyo wenye hitilafu ya kurekebisha DNA, waliopewa dostarlimab, dawa ya tiba ya kinga, peke yake. Kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena, na hakuna aliyehitaji mionzi wala upasuaji hadi ripoti ilipoandikwa. Dunia ilizungumzia dawa. Mimi nilitazama zaidi orodha ya vilivyotumika kuthibitisha kwamba uvimbe haupo: MRI, PET, kamera, kidole, kinyama. Hawakuiachia picha moja kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye titi. Jaribio la NRG-BR005 la Marekani liliwachukua wanawake 98 ambao mamografia, altrasaundi na MRI zao baada ya tibakemikali zilisema saratani imekwisha au karibu imekwisha. Wakachukuliwa vinyama kwa sindano pale uvimbe ulipokuwa, kisha wakapasuliwa. Wanawake 36 walikutwa bado wana saratani, na kwa nusu yao sindano nayo ilikuwa imeikosa. Picha za aina tatu na sindano juu yake. Anayesema MRI imefika mahali pa kumwondolea mwanamke upasuaji wa titi atueleze kwanza habari za hao 36.

Hata hivyo mahali pa kuitumia papo, na napenda jinsi Waholanzi walivyofanya katika TRAIN-3, jaribio la saratani ya titi yenye HER2. Kila baada ya mizunguko 3 ya tiba mgonjwa hupigwa MRI. Picha ikiwa safi, anapelekwa kwenye upasuaji mapema, na daktari wa patholojia akithibitisha kuwa saratani imekwisha, mizunguko ya tibakemikali iliyobaki inafutwa. Angalia picha imepewa kazi gani. Haitoi cheti cha kupona. Inachagua siku ya kwenda kumuuliza mwenye darubini, na ikikosea, darubini inagundua na tiba inaendelea. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba picha safi ilithibitishwa mara nyingi zaidi kwa wale ambao saratani yao haikutegemea homoni kuliko kwa wale iliyoitegemea. Dawa zilezile, mashine ileile, na kundi moja picha yake inaaminika kuliko ya jingine.

Nimeliacha suala la akili mnemba hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu watu wakianza nalo hawatoki. Wazo ni kwamba kompyuta inaweza kuchota kutoka picha moja mamia ya sifa ambazo jicho halizioni, kama mkwaruzo wa tishu, umbo la kingo au mpangilio wa weusi na weupe, na kuzigeuza kuwa utabiri hata kabla ya dozi ya kwanza. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha saini ya namna hiyo, yaani mchanganyiko wa sifa chache za kutabiria, kutoka picha za CT (za eksirei) za mapafu na za kichwa na shingo, na utafiti wao ukawa mama wa nyingi zilizofuata. Mwaka 2019 Mattea Welch na wenzake wakaijaribu kwa ujanja ambao natamani ungekuwa sharti: walizichanganyachanganya vokseli, vijitofali vidogo vinavyounda picha, ndani ya uvimbe, wakavuruga kila mkwaruzo na mpangilio, kisha wakaipa saini picha zilizovurugwa. Ikatabiri vilevile. Sehemu kubwa ya siri iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ukubwa wa uvimbe, kitu ambacho rula ingekieleza.

Na hiyo ilikuwa CT, ambayo angalau namba zake zina mizizi: maji ni 0 na hewa ni -1,000 kwenye kila mashine. Picha ya kawaida ya MRI haina mizizi hiyo. Weupe wake ni wa kulinganisha tu, na hubadilika kwa aina ya mashine, koili (antena) aliyovalishwa mgonjwa na mipangilio aliyochagua fundi asubuhi hiyo. Kompyuta iliyofunzwa kwenye hospitali moja inaweza kujifunza sumaku ya hospitali hiyo ikadhani inajifunza saratani.

Kwa hiyo kazi ninayoiheshimu zaidi katika uwanja huu ni ya watu wasioandikwa magazetini. Thomas Chenevert wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walitengeneza kipimo cha kupimia mashine: mrija wa maji uliozamishwa kwenye maji ya barafu. Barafu inayoyeyuka hukaa nyuzi 0, na kwenye nyuzi 0 maji hutembea kwa mwendo unaojulikana, ADC ya takribani 0.0011 milimita za mraba kwa sekunde, katika chumba chochote na kwa sumaku ya kampuni yoyote. Mashine ikisoma namba nyingine, kosa ni la mashine, na linajulikana kabla mgonjwa hajaingia. Mtu akiniletea programu inayotabiri nani atapona, nitamuuliza wagonjwa wake walikuwa kwenye dawa gani, nani alibadilisha tiba baada ya kuona jibu, na mrija wa barafu ulisoma ngapi siku hiyo.